Faili la Mfangano

Faili limerudi mara ya tatu,
limefungwa kwa uzi uleule nilioufunga mimi,
kwa fundo langu lilelile la kushoto.
Wamesoma ukurasa wa kwanza tu.

Mimi ni Nyanzobe Lugata, msajili msaidizi,
ofisi ya pili kulia, chini ya jiwe
ambalo kila mgeni wa Isamilo huuliza litaanguka lini.
Halianguki. Nalo lasubiri kibali.

Ombi letu ni fupi:
chuo hiki kifundishe watu wasiokuwepo hapa.
Awuor wa Mfangano, mpima malaria wa zahanati ya mabati,
ana simu, ana daftari, ana saa mbili za usiku
watoto wakishalala.
Somo letu la kutunza kumbukumbu za wagonjwa
humfikia kabla chai yangu haijapoa.
Lakini Awuor yuko ng'ambo ya mstari,
na mstari huo, jamani, nimeutafuta.
Nilipokwenda Shirati kusimamia mtihani nilipanda boti,
nikachungulia majini kama aliyedondosha pete.
Hamna kitu. Ila simu ilitetemeka mfukoni
ikanikaribisha nchi ambayo sikuwa nimeiendea.

Wadudu wa ziwa huinuka kama moshi wa tanuru,
wakatua upande wautakao,
na hakuna anayewadai nakala tatu
zilizogongwa muhuri wa wakili.

Sisi tulizipeleka.
Tume ya kwao ikauliza: je, tume ya kwenu ina habari?
Tume ya kwetu ikajibu: tutakuwa na habari
wao wakikubali kwanza.
Kuku na yai,
wote wawili wamevaa tai.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Bukwimba, akasema
tufundishe tu, nani atajua?
Hewani hakuna askari.
Nusura niitikie.

Kisha nikafika swali la kumi na moja,
lile ambalo mara mbili tulijaza
"rejea kiambatisho," na kiambatisho hakikuwepo:
Mwanafunzi akidhulumiwa, atalalamika kwa nani?

Kalamu ikasimama.

Kaka yangu Ngasa alisoma miaka miwili kwa posta,
chuo cha mbali, nembo ya mwenge na kitabu.
Ng'ombe wanne wa baba waliingia katika bahasha zile.
Cheti kilikuja kizuri, kina dhahabu pembeni.
Hospitali wakakigeuza, wakakigeuza tena:
hiki kinatambuliwa na nani?
Akaandika barua. Zikarudi, anwani haipo.
Siku hizi anapakua sangara Kirumba,
na fremu ile pale sebuleni kwa mama
imetazamishwa ukuta.

Hapakuwa na mtu wa kuuliza swali la kumi na moja
kwa ajili ya Ngasa.

Nikajaza mwenyewe, Mkuu akiwa kwenye kikao:
Atalalamika kwangu. Jina langu hili, simu hii.
Zikipita siku thelathini kimya, aje kwenu,
nasi tutamrudishia ada yote
kwa shilingi yake, si yetu.
Mkuu aliposoma alikuna kidevu muda mrefu.
Akasaini.

Jana barua imekuja.
Mwaka mmoja. Wanafunzi arobaini, wasizidi.
Mitihani ifanyikie Mbita mbele ya mtu wao.
Kozi ya maabara wameikataa, na sibishi:
nani amejifunza kuchoma sindano kwa simu?

Nikampigia Awuor. Sauti ikakatika, ikarudi
na mlio wa sufuria nyuma yake.
Hakushangilia. Aliuliza tu:
hicho cheti, Homa Bay watakikubali?

Nikafungua uzi, nikatafuta ukurasa wa muhuri,
nikamsomea namba ya kibali polepole,
tarakimu moja moja, naye akiandika.
Kisha akasema, subiri,
akanisomea yote upya, kutoka mwanzo.